Mkesha, ufukwe, jumuiya au mafungo: ukichoka, ukapumzikie wapi kwa Mungu hapa Kigoma?

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, wengi hatukusema ziwa limefungwa, tulisema linapumzishwa. Mimi nauza dagaa. Ziwa likapumzika miezi mitatu, mimi nikachoka miezi mitatu.

Machi ya mwaka huohuo mama yangu alikuwa amepata kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Mtaji ukaishia kwenye dawa, nauli na nepi za wagonjwa, kilichobaki tukala. Mchana nageuza mgonjwa, usiku nahesabu madeni. Na kama ilivyo kwetu, kila aliyekuja kumjulia hali aliniachia na ushauri wa roho. Wifi yangu: "Twende mkesha, haya mambo yanataka magoti." Shangazi: "Usiache jumuiya, mwanangu," yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali nyumba kwa nyumba. Mwenzangu mmoja tunayeanika naye dagaa akaniambia niende mafungo kwa masista, kujitenga kwa sala na kimya, siku tatu, simu imezimwa. Mimi nimezaliwa Mkatoliki, nikaolewa kwa Wapentekoste, kwa hiyo milango yote naijua na hakuna ninaouonea haya. Nikaijaribu yote, na mmoja ambao hakuna aliyenishauri. Nailinganisha hapa kwa ajili ya yule ambaye ana nguvu za kwenda mahali pamoja tu, na anasikia sauti nne zikimwita.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tunachagua kwa kufuata dhehebu, au kwa kufuata aliyetangulia kutupigia simu. Kumbe ingefaa tujiulize kwanza: ndani yangu kilichochoka ni nini?

Mwili au roho?

Nabii Eliya alipokata tamaa, alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Ukisoma 1 Wafalme 19 polepole utaona kwamba malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile. Mlima Horebu, upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye sana, baada ya usingizi mara mbili na milo miwili.

Sisi wa Kigoma tuna kisa kinachofanana nacho hapahapa Ujiji. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, alirudi Ujiji Oktoba 1871 amebaki mifupa, akakuta mali aliyoitegemea imekwisha kuuzwa. Mtu wa sala yule, Biblia haikumtoka mkononi. Siku chache baadaye akafika Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na barua, habari na chakula. Watoto wetu wa shule wakipelekwa kwenye makumbusho chini ya miembe hukariri salamu ya Stanley tu, lakini mimi huvutiwa na alichoandika Livingstone mwenyewe: hamu ya kula ilirudi, akatoka kwenye milo miwili isiyo na ladha akawa anakula mara nne kwa siku, na ndani ya wiki moja akaanza kujisikia ana nguvu. Mtu alihitaji mgeni na sahani ya chakula. Sioni kama hilo linaipunguza imani yake.

Nasema hivi kwa sababu wakati wangu wa giza nilidhani roho yangu imekufa. Kumbe nilikuwa sijalala usiku mzima tangu Machi.

Mkesha

Tuanze nao, maana ndio unaoita kwa sauti kubwa kuliko mingine. Kwa kawaida ni Ijumaa, watu wanaanza kukusanyika saa tatu au saa nne usiku, wanatoka alfajiri. Kuna sifa, kuna kuabudu, ushuhuda, neno, halafu maombi yale ya kusimama na kutembeatembea, kila mtu na lake. Watoto wamelazwa kwenye mikeka chini ya mabenchi, kanga juu. Kinanda hakinyamazi, na umeme ukikatika jenereta linaungana na kwaya.

Sitaki mtu auone mkesha kuwa ni kelele. Ulinipa kitu ambacho hakuna mahali pengine palinipa: ruhusa ya kulia. Nyumbani nilikuwa silii. Mama asiyeweza kuongea vizuri anakutazama machoni, ukilia anajua analiliwa yeye. Jirani naye ukuta kwa ukuta, akisikia kilio anakuja mbio akidhani msiba. Kwenye mkesha, saa saba usiku, nililia mpaka sauti ikakauka na hakuna aliyeniuliza nina nini. Mama mmoja nisiyemjua aliniwekea tu mkono begani akaendelea na maombi yake. Hasira niliyokuwa nayo kwa Mungu, nilimwambia mwenyewe, kwa maneno ambayo padri angeyasikia angekohoa. Nilitoka mwepesi.

Wepesi ule ulidumu mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo ilikuwa Jumamosi, mgonjwa anataka kuogeshwa, nami macho yamejaa mchanga. Wiki ya pili nilichelewa kumpa mama dawa ya presha kwa saa nne kwa sababu nilisinzia nimekaa. Wiki ya tatu nilimfokea. Hapo nikaanza kupima upya.

Kuna hatari nyingine ya ndani. Mkesha, usipoangalia, unaweza kukufundisha kwamba pumziko ni mshahara: ukiomba kwa nguvu zaidi, kwa saa nyingi zaidi, utalipwa. Mtu aliyechoka anaongezewa kazi. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, niliambiwa mama hainuki kwa sababu sijapanda mbegu ya fedha. Nilikuwa na nauli ya bodaboda ya kurudia tu. Niliirudi njia kwa miguu, sijui ni kwa hasira au ni kwa aibu ya kwamba kidogo nitoe.

Wapenda mikesha hukumbusha kwamba Yesu alikesha usiku kucha mlimani kabla ya kuwachagua wale kumi na wawili. Ni kweli, Luka 6. Lakini ni Yesu huyohuyo aliyelala usingizi nyuma ya chombo, juu ya mto, wakati dhoruba inajaza maji, Marko 4. Anayejua upepo wa kusini unavyolichafua ziwa letu kati ya Mei na Septemba ataelewa usingizi ule ulikuwa wa namna gani. Kwa hiyo vyote viwili ni vya Bwana, kukesha na kulala. Swali ni leo umeitiwa kipi.

Ningemshauri nani aende? Mwenye kilio kilichomkwama kooni. Mwenye hasira. Aliyefiwa ambaye nyumbani kila mtu anamwambia "jikaze". Na awe mtu anayeweza kulala Jumamosi mpaka mchana. Anayeuguza, mwenye mimba, mwenye presha, na anayeendesha chombo cha moto asubuhi yake, ningemzuia mlangoni kama ningekuwa mhudumu.

Ufukweni alfajiri, peke yako

Huu ndio mlango ambao sikushauriwa na mtu. Niliuokota. Baada ya kuacha mkesha nilikuwa naamka mwenyewe saa kumi na moja, mazoea ya kupokea mitumbwi, na hakuna mitumbwi. Siku moja nikatoka tu nikashuka majini. Vichanja vya kuanikia dagaa vitupu, mchanga msafi kuliko nilivyowahi kuuona. Hapa kwetu jua linatokea mgongoni, nyuma ya vilima, kwa hiyo ukilitazama ziwa hulioni jua, unaona tu maji yanabadilika rangi polepole. Milima ya Kongo siku nyingi za Julai inafichwa na ukungu wa moshi na vumbi. Unajua ipo, huioni. Sitaki kuifanya hiyo mahubiri, ila nilikaa nayo asubuhi nyingi.

Nilichofanya hakina ufundi. Nusu saa. Mstari mmoja, ule wa Zaburi 62 unaosema nafsi yangu yamngoja Mungu peke yake kwa kimya. Nilijiwekea sharti moja: siombi kitu. Madeni Mungu anayajua, mama anamwona. Wiki nzima ya kwanza ilikuwa bure. Kichwa kilisoma orodha: mwenye nyumba, mwenye duka la dawa, kikoba. Nikifika mwisho wa orodha nusu saa imekwisha. Wiki ya pili orodha ilichoka yenyewe kabla yangu. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilipumua tu, na kwa muda mfupi sikuwa mtu wa kuendesha dunia.

Mzee mmoja jirani, Mwislamu wa kule Ujiji mjini, alikuwa akitoka swala ya alfajiri ananikuta. Siku moja akasimama, akasema kwa kitabu chao pia, Suratul Raad, imeandikwa kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Akaenda zake. Huyo ndiye mshauri pekee wa miezi ile mitatu aliyesema sentensi moja akaondoka.

Faida ya ufukwe unaiona: hauna mchango, hauna sare, hauna zamu ya chai. Hasara zake mbili. Ya kwanza ni ya mwili, mwanamke peke yake gizani si salama kila mahali. Subiri kupambazuke, au mchukue mtoto mkubwa akae mbali kidogo. Ya pili ni nzito zaidi. Kimya kinakuza kilichomo. Kama kilichomo ni uchovu wa makelele, kitakulaza. Kama ni giza lile la kutaka usiwepo, kimya kitalipanua. Mtu wa namna hiyo asikae peke yake ufukweni hata kama anasema anaenda kusali. Aende na mtu. Na kama wiki mbili zimepita halali, hali, au anazungumzia kufa, apelekwe kituo cha afya au hospitali ya mkoa, na maombi yaende naye kwenye bajaji hiyohiyo. Hakuna upungufu wa imani hapo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani, na bado imeachwa ndani ya Biblia, maana yake Mungu aliikubali hata sala isiyofika kwenye haleluya.

Jumuiya

Nilikuwa naidharau. Niseme ukweli. Jumuiya kwangu ilikuwa ni kugombania nani hajalipa mchango wa harusi ya mtoto wa nani. Yetu inakutana Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba, watu kumi na kitu kwenye mikeka na viti vya plastiki. Injili ya Dominika inasomwa, mtu mmoja anasema neno moja lililomgusa, mwingine anarudia alilosema mwaka jana. Matangazo yanakuwa marefu kuliko sala.

Zamu ilipofika kwangu nilitaka kukataa, nyumba inanuka mgonjwa. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akasema: "Tunakuja kwa mgonjwa, hatuji kwa sebule." Wakaja. Wakasali kwa ufupi, kitu ambacho si kawaida yao. Kisha wakagawana bila kuniuliza. Mmoja alichukua nguo za mama akaenda kuzifua. Mwingine alileta unga wa muhogo na chupa ya mawese. Mama wa tatu, mkunga mstaafu, akasema usiku huo atalala yeye chumbani kwa mama, na kila Jumanne na Ijumaa atakuwa anakuja.

Usiku ule nililala saa tisa mfululizo. Niliamka nikadhani nimekufa.

Nimelifikiria jambo hili sana. Nilikwenda kumtafuta Mungu saa saba za usiku na spika, nikamtafuta kwenye kimya cha maji, na usingizi wenyewe aliniletea kwa mkono wa mkunga mstaafu ambaye nilikuwa naona anaimba vibaya. Zaburi 127 inasema humpa mpenzi wake usingizi. Haijasema kwa njia gani.

Kasoro za jumuiya ni zilezile za watu. Siri haikai. Ulichokisema Jumamosi utakisikia Jumapili mnadani, kimeongezewa chumvi. Mchango upo hata ukiwa huna, ingawa ukimweleza kiongozi faragha mara nyingi unaachiwa. Na ushauri! Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vizuri. Balaa lilianza walipofungua midomo. Jumuiya nzuri ni ile inayojua kufua nguo kwanza. Kama yako haijui, sema wazi unachohitaji. "Naomba mtu alale na mama usiku mmoja" ni ombi linaloeleweka kuliko "mniombee".

Wenzetu Wapentekoste wana vikundi vyao vya nyumbani, sura ni ileile, nyimbo ndizo tofauti.

Mafungo

Haya nitayapitia haraka kwa sababu niliyafanya mwaka uliofuata, Kwaresima, mama alipokuwa anaweza kukaa mwenyewe na wifi akakubali kumshika siku tatu. Ni kwenye nyumba ya masista upande wa Kasulu. Chumba kimoja, kitanda kimoja, meza, msalaba. Hamzungumzi hata mezani. Unaonana na padri mara moja kwa siku, nusu saa. Unachangia chakula na malazi, si hela nyingi ukilinganisha na nyumba ya wageni, lakini ni hela, na nafasi unaomba mapema.

Siku ya kwanza padri aliniuliza nimekuja na nia gani. Nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole: "Nenda kalale kwanza, tutaongea kesho." Nikacheka, nikamwambia habari ya malaika wa Eliya.

Mafungo yanafaa kwa mtu aliyekwisha kutoka kwenye wimbi na anataka kuelewa lilimfanya nini: aliyemaliza matanga, aliyeachwa, aliyestaafu, anayetaka kusamehe na hajui aanzie wapi. Kwa aliye katikati ya wimbi, ambaye simu ikizimwa nyumba inasimama, ni ndoto nzuri ya baadaye. Usijilaumu kwa kushindwa kwenda.

Nikiulizwa leo mwaloni

Akija mwenzangu na ndoo yake akaniuliza niende wapi, sitamwuliza anasali wapi. Nitamwuliza amelala lini. Kama hajalala, ajitoe kwenye kila kitu kingine aende jumuiya, na aseme. Kama amelala vizuri lakini kifua kimejaa, mkesha mmoja, si kila wiki. Kama watu ndio wanaomchosha, simu, wateja, ndugu, basi maji yapo hapa mbele yetu bure. Fedha kidogo na msaidizi nyumbani akiwa navyo, mafungo. Viwili kati ya hivi vinaweza kuchanganywa: mimi nilibaki na jumuiya na ufukwe, mkesha nikauacha mpaka Krismasi. Nisingechanganya mkesha na kuuguza hata ningelipwa.

Kipimo changu kimoja tu nakikopesha, na hakitoki kwenye kitabu cha mtu. Ukirudi nyumbani kutoka mahali hapo, unamshika vipi mgonjwa wako, mtoto wako, mumeo? Bwana alisema nira yake ni laini na mzigo wake ni mwepesi. Nikirudi na mkono mgumu, nilibebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

Ziwa lilifunguliwa Alhamisi, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Asubuhi nilikwenda misa, mkunga akakaa na mama. Mwaloni watu walikuwa wamejaa, nyavu zimeshonwa, injini zimefanyiwa sevisi. Lakini mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, na kila mvuvi wa dagaa anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Wazee wengine wakasema walikwisha kungoja miezi mitatu, hizi siku chache si kitu, wakarudi kukaa kivulini kucheza bao. Nikanunua ndizi mbivu za mama, nikapanda nazo mlimani.